Kiingereza au Maradhi? Mtoto Anapofeli Shuleni Ugenini

  

Leo sizungumzii presha wala kisukari. Nazungumzia mtihani. Najua utajiuliza, muuguzi na mtihani wapi na wapi? Nivumilie kidogo. Utaona kwamba mara nyingi jambo hili huanzia sikioni, machoni au kwenye damu ya mtoto, kabla halijafika kwenye karatasi ya mwalimu.

Nakuandikia kutoka Mobeni, kusini mwa jiji la Durban. Kwa Kizulu muwa huitwa umoba, na Mobeni ni mahali penye miwa, ingawa siku hizi miwa imebaki kwenye jina tu. Sasa ni viwanda, maghala na malori. Ukipanda juu kidogo, Mobeni Heights na Chatsworth, utakuta familia nyingi za kwetu: waliotoka Bukavu na Uvira, Bujumbura, Kigoma, Dar es Salaam. Na wala si sisi wa kwanza. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza walileta Durban kutoka Zanzibar watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua. Serikali ya ubaguzi iliwahamishia Chatsworth miaka ya 1960, na wajukuu wao wanaitwa Wazanzibari mpaka leo. Kwa hiyo mtoto anayeingia darasani Durban na lugha ya kwao si jambo lililoanza jana.

Swali ni moja tu: mtoto huyo akifeli, tunajuaje kama tatizo ni Kiingereza au ni kitu kingine?

WATOTO WAWILI

Nitakupa mifano miwili. Majina nayaacha, maana ni watoto wa watu.

Mtoto wa kwanza ni mvulana aliyekuja na wazazi wake kutoka Uvira akiwa na miaka minane. Alipotimiza mwaka mmoja shuleni, mama yake alinijia baada ya ibada, machozi yanamlenga. "Dada nesi, mtoto wangu anashindwa kila kitu. Mwalimu anasema ni mzito." Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Mama, mpe muda. Ni Kiingereza tu hicho, atazoea." Mama akaondoka amefarijika.

Ukapita mwaka mwingine na zaidi. Siku moja tulikuwa kwenye sherehe nyumbani kwao, watoto wanacheza uani. Mama akamwita yule kijana kwa Kiswahili, akiwa amempa mgongo. Hakugeuka. Aliyegeuka ni mdogo wake. Mama akamwita tena kwa sauti zaidi, kimya. Aligeuka pale mdogo wake alipomgusa bega. Mama akacheka, akasema, "Ndiyo tabia yake huyu, ananipuuza."

Ndugu msomaji, siku hiyo chakula hakikunipita kooni. Kijana hakuwa anampuuza mtu. Alikuwa hasikii. Alipopimwa, ilionekana masikio yote mawili yalikuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na sikio moja lilikuwa limeshapoteza sehemu ya usikivu kwa sababu ya usaha uliokuwa ukirudi mara kwa mara tangu utotoni. Mimi niliyesomea uuguzi nyumbani na tena hapa, niliyepaswa kuuliza swali moja dogo, sikuuliza. Nilikisingizia Kiingereza, na mtoto akapoteza zaidi ya mwaka mzima kwa ushauri wangu.

Mtoto wa pili ni msichana wa miaka kumi na mmoja, aliyekuwa darasa la tano katika shule ya Kayumba huko Dar es Salaam. Huko alisoma hesabu, sayansi na kila kitu kwa Kiswahili. Alipofika hapa hakufungua mdomo darasani kwa miezi kadhaa. Akafanyiwa upimaji wa akili kwa Kiingereza, bila mkalimani. Baba yake akaniletea barua: ilipendekeza mtoto ahamishiwe shule ya watoto wenye ulemavu wa akili.

Nikamkalisha mezani, nikamwambia kwa Kiswahili: "Mama ana trei tatu za mayai, kila trei mayai thelathini. Kumi na mawili yamevunjika. Yaliyobaki anayafunga sita sita. Atapata mafungu mangapi?" Kabla sijapata kalamu ya kukagua jibu, akasema, "Kumi na matatu, shangazi."

Je, huyo ni mtoto mwenye ulemavu wa akili?

Umeona makosa yetu? Wa kwanza alikuwa na maradhi, nikasema ni lugha. Wa pili alikuwa na lugha yake, wakasema ni maradhi. Na wapo watoto wa tatu, ambao wana yote mawili kwa pamoja. Hao ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu kila mtu anaona nusu tu.

ANZA KWA KISWAHILI

Kanuni ninayotaka uikumbuke hata ukisahau mengine yote ni hii: kama tatizo ni Kiingereza, halitaonekana kwenye Kiswahili. Kama tatizo linaonekana hata kwenye Kiswahili, au Kifaransa, au Kirundi, au lugha yoyote mnayotumia nyumbani, basi usikisingizie Kiingereza. Mpeleke mtoto akapimwe.

Jiulize maswali haya nyumbani, bila kumtisha mtoto:

- Ukimwita kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo, anaitika?
- Anasogea karibu sana na televisheni, anakunja uso au kuinamisha kichwa karibu na daftari?
- Alianza kuongea lini kwa lugha ya nyumbani? Alichelewa kuliko ndugu zake?
- Anaweza kukusimulia hadithi au mambo ya siku yake kwa mpangilio?
- Ukimtuma vitu viwili dukani anakumbuka vyote?
- Kama alishaanza kusoma kabla ya kuja huku, alikuwa anasoma vizuri? Madaftari na ripoti zake za nyumbani zinasemaje?
- Kuna nyakati anakodoa macho na kuzubaa kwa sekunde kadhaa kama hayupo, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea?
- Aliwahi kulazwa kwa malaria kali iliyompanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au degedege?

Swali hilo la mwisho ni muhimu sana kwetu. Baadhi ya watoto waliopona malaria ya kichwa hubaki na matatizo ya kumbukumbu, umakini au kifafa. Durban si jiji la malaria, na huenda mwalimu au hata mhudumu wa kliniki asiwaze kuuliza. Wewe ndiye mwenye historia hiyo. Isema.

Sasa, kama majibu yote ni mazuri, inawezekana kweli ni lugha. Hapo pia usiwe na haraka. Mtoto anayeingia kwenye lugha mpya anaweza kukaa kimya kwa wiki au miezi akisikiliza tu. Hiyo ni kawaida. Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alionyesha tangu miaka ya 1970 na 1980 kwamba mtoto huhitaji kama miaka miwili kuzoea lugha mpya ya mazungumzo, lakini lugha ya vitabu na mitihani huchukua miaka mitano hadi saba. Ndiyo maana mtoto anaweza kubishana na wenzake uwanjani kwa Kiingereza kinachoteleza, kisha akashindwa kuelewa swali la sayansi. Hajawa mvivu. Bado yuko njiani.

Na jambo moja zaidi: usiache kuongea naye Kiswahili nyumbani kwa kudhani unamsaidia. Mtoto mwenye msingi imara wa lugha ya kwanza hujenga ya pili juu yake.

MARADHI AMBAYO HUFICHWA NA LUGHA

Masikio. Usaha unaorudi mara kwa mara usiuzoee. Usitie mafuta ya moto wala majani. Mtoto akapimwe usikivu.

Macho. Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni. Anadhani kila mtu anauona ubao hivyo hivyo. Maumivu ya kichwa jioni ni dalili mojawapo.

Selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Ugonjwa huu ni wa kawaida kwetu Tanzania, Uganda na Kongo, lakini ni nadra kwa wenyeji wa Afrika Kusini. Kama mtoto wako anao, au ndugu yake anao, sema mwenyewe kliniki. Licha ya maumivu na kukosa shule, selimundu inaweza kusababisha kiharusi kidogo cha ubongo ambacho hakionekani kwa nje, lakini kinampunguzia mtoto umakini na kasi ya kufikiri. Mtoto wa namna hii akiambiwa "mzito" anaonewa.

Pumu. Hili ni la hapa kwetu hasa. Bonde la kusini mwa Durban lina historia ndefu ya hewa chafu. Utafiti uliofanyika kwa wanafunzi wa shule ya msingi ya Settlers, Merebank, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulikuta pumu kwa kiwango cha juu sana. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Engen kiliacha kusafisha baada ya moto wa Desemba 2020, na kile cha Sapref kilisimama mwaka 2022, lakini viwanda vingine na malori bado vipo. Mtoto anayekohoa usiku kucha hawezi kuandika mtihani asubuhi kama mwenzake aliyelala.

Kifafa, kisukari cha utotoni, na matatizo ya kusoma. Yupo mtoto mwenye akili timamu kabisa ambaye herufi zinamkataa, kwa lugha yoyote. Hali hiyo huitwa disleksia. Yupo pia asiyeweza kutulia wala kufuata jambo moja hadi mwisho. Hawa wote wana msaada wao.

Wapo kati yetu watakaosema mtoto amerogwa, au watakaoficha ili majirani wasijue. Nawaelewa, nimekulia huko huko. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ya shuleni hayaui, ila mtihani huumbua vile vile.

NAFUU ZA MTIHANI NI NINI?

Mtoto mwenye ulemavu, ugonjwa au tatizo la kujifunza anaruhusiwa kufanya mtihani kwa namna inayomwezesha kuonyesha anachokijua. Hapa Afrika Kusini shuleni utasikia wakiita "concession" au "accommodation". Yashike maneno hayo, ndiyo utakayoyatumia ukienda kumwona mwalimu. Mimi nitaziita nafuu.

Nafuu hizo ni pamoja na:

- Muda wa ziada.
- Karatasi yenye maandishi makubwa, au maandishi ya nukta nundu kwa asiyeona.
- Msomaji, yaani mtu anayemsomea mtoto maswali.
- Mwandishi, anayeandika kile mtoto anachomtajia, bila kuongeza lake.
- Kutumia kompyuta kwa asiyeweza kuandika kwa mkono.
- Chumba cha peke yake kwa anayesumbuliwa na kelele.
- Mapumziko mafupi, na ruhusa ya kunywa maji, kula, kutumia dawa au kwenda msalani. Mtoto wa selimundu, kisukari au pumu asikose hii.
- Lugha ya alama kwa kiziwi. Lugha ya Alama ya Afrika Kusini ilitahiniwa kama lugha ya nyumbani katika mtihani wa gredi ya 12 kwa mara ya kwanza mwaka 2018, na mwaka 2023 ikawa lugha rasmi ya 12 ya nchi hii. Ujue tu kwamba si sawa na lugha ya alama ya Tanzania au ya Kongo. Mtoto wako atahitaji muda kujifunza.

Wazazi wengi huniambia, "Sitaki mwanangu apewe mtihani mwepesi, watamdharau." Hapana. Kwa kawaida maswali ni yale yale, na usahihishaji ni ule ule. Miwani haimfanyi mtu aone kisichokuwepo ubaoni. Inamwezesha kuona kilichopo.

Wala hili si jambo la kigeni la Wazungu. Nyumbani Tanzania, Baraza la Mitihani, NECTA, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa. Kama bibi kule kijijini anaweza kumdai mjukuu wake haki hiyo, wewe wa Durban unaona haya ya nini?

HATUA ZA KUFUATA HAPA AFRIKA KUSINI

Nchi hii ilitoa sera ya elimu jumuishi mwaka 2001, ile inayojulikana kama White Paper 6, na mwaka 2014 ikaja sera ya SIAS inayoeleza jinsi ya kumtambua, kumpima na kumsaidia mtoto. Kwa ufupi, mambo huenda hivi:

1. Mwalimu wa darasa ndiye anayeanza. Anajaza fomu ya SNA 1 inayoeleza matatizo na uwezo wa mtoto. Kama hajaanza, mwombe. Andika barua fupi, weka tarehe, baki na nakala.

2. Msaada wa mwalimu usipotosha, jambo linakwenda kwenye kamati ya msaada ya shule, inayoitwa SBST. Hao hujaza SNA 2. Wewe mzazi unatakiwa kushirikishwa. Usikubali mtoto ajadiliwe kama yatima na wewe upo.

3. Shule ikishindwa, kuna timu ya wilaya, DBST, inayojaza SNA 3. Shule za upande wetu ziko chini ya Wilaya ya Elimu ya Umlazi.

4. Upande wa afya kuna fomu ya DBE 126. Hii hujazwa na mtaalamu wa afya, si mwalimu. Iombe shuleni, uende nayo kliniki au hospitali.

Anza kliniki ya mtaa wenu. Huduma za msingi kwenye kliniki za serikali ni bure. Wao watakuandikia rufaa ya kwenda hospitali kupimwa masikio, macho au ubongo. Kwa wengi wetu wa Mobeni Heights na Chatsworth, hospitali ya karibu ni R.K. Khan. Ukienda beba kadi ya kliniki ya utotoni hata kama ni ya Tanzania au Kongo, barua zote za hospitali, ripoti za shule za nyumbani, na orodha ya dawa. Kama barua ni ya Kifaransa, tafuta mtu aitafsiri kabla ya siku ya miadi. Na kama Kiingereza chako hakitoshi, nenda na mtu mzima unayemwamini. Usimtumie mtoto mwenyewe kuwa mkalimani wa ugonjwa wake.

Mtoto akipelekwa kwa mwanasaikolojia, uliza maswali mawili: Mtapima kwa lugha gani? Na kama ni kwa Kiingereza, matokeo mtayaandikaje? Omba iandikwe wazi kwenye ripoti kwamba mtoto ana lugha nyingine na amejifunza Kiingereza kwa muda gani. Mstari huo mmoja unaweza kumwokoa mtoto asihamishwe shule isivyo haki.

Mwanasaikolojia wa binafsi hutoza maelfu ya randi. Ndiyo maana usisubiri mpaka gredi ya 12 halafu ukimbizane na wakati. Foleni ya serikali ni ndefu, na wanaoamua kuhusu nafuu hupenda kuona historia: kwamba tatizo lilijulikana tangu zamani na mtoto amekuwa akisaidiwa. Ombi la dakika za mwisho hutiliwa shaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

NA KAMA TATIZO NI LUGHA KWELI?

Hapa lazima niseme ukweli. Utaratibu wa nafuu nchini humu umejengwa juu ya ulemavu, ugonjwa na matatizo ya kujifunza. Kuwa mgeni wa Kiingereza peke yake si ulemavu. Watoto wengi wa Kizulu nao wanafanya mtihani kwa lugha isiyo ya mama zao.

Lakini kuna mlango mwingine ambao wengi wetu hatuujui. Mwanafunzi anaweza kuandikishwa kama mtahiniwa mhamiaji. Hii inamhusu mtoto aliyeingia shule ya Afrika Kusini kwa mara ya kwanza akiwa gredi ya 7 au zaidi. Inamhusu pia aliyeanza shule hapa, kisha akasoma nje ya nchi miaka miwili au zaidi mfululizo baada ya gredi ya 3. Fikiria wale tunaowapeleka kwa bibi kisha wanarudi! Mtoto wa namna hii, kwa cheti cha gredi ya 12, anaweza kuruhusiwa kufanya lugha moja rasmi badala ya mbili, na kuchukua somo jingine mahali pa ile ya pili. Kwa mtoto aliyefika akiwa na miaka kumi na minne, akijikuta anatakiwa kujua Kiingereza pamoja na Kiafrikaans au Kizulu, huo ni mzigo mkubwa kuondolewa. Shule ndiyo inayoomba kwa niaba yake na itataka kuona karatasi zake. Waulize mapema, kabla hajachagua masomo ya gredi ya 10.

Ila kama mtoto ni mdogo, mwache ajifunze Kizulu. Kina ndugu nyingi na Kiswahili, na hapa Durban kitamsaidia kazini na mtaani.

USIOGOPE KUINGIA MLANGONI

Najua wengine mnasoma haya na moyoni mnasema, "Sisi tusio na karatasi tutaanzia wapi?" Najua pia kwamba mwaka 2025 vikundi vya watu vilisimama kwenye milango ya baadhi ya kliniki na hospitali za Durban na kuwazuia wageni. Hofu hiyo si ya kubuni.

Lakini jua haki yako. Katiba ya mwaka 1996 inasema kila mtu ana haki ya elimu ya msingi, na haikusema kila raia. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya Makhanda iliamua kwamba mtoto asinyimwe shule kwa sababu ya kukosa cheti cha kuzaliwa au kibali. Ukizuiwa kliniki, usigombane mlangoni ukiwa na mtoto mkononi. Rudi nyumbani salama, andika siku na saa, kisha watafute wanasheria wa haki za binadamu au viongozi wa jumuiya yenu mkarudi pamoja.

KWA MLIOKO NCHI NYINGINE

Mlioko Marekani, sheria yenu ya elimu ya wenye ulemavu, IDEA, inakataza kabisa mtoto kuhesabiwa ana ulemavu kama sababu kubwa ni kutojua Kiingereza, na inataka apimwe kwa lugha yake pale inapowezekana. Mtoto mwenye ulemavu ambaye pia anajifunza Kiingereza ana haki za pande zote mbili. Shule ikikuambia uchague moja, kataa. Mlioko Uingereza, ulizeni shule kuhusu kamusi ya lugha mbili, ambayo inaweza kuruhusiwa katika masomo mengi, mbali na nafuu za ulemavu.

KWA KUMALIZIA

Utataka kujua wale watoto wawili waliishia wapi. Msichana alipimwa upya, safari hii akiwepo mtu wa kumtafsiria. Ile barua ya mwanzo ikawekwa kando, na yuko shule ya kawaida. Kiingereza bado kinamsumbua kwenye insha, lakini hesabu anawafundisha wenzake.

Mvulana alitibiwa masikio, akapewa kifaa cha kusaidia kusikia na kiti cha mbele. Mitihani anafanyia chumba tulivu, maswali akiyasikia vizuri, na muda wa ziada. Anafaulu. Lakini yuko nyuma ya wenzake wa rika lake, na sehemu moja ya sikio lake haitarudi. Mama yake hajawahi kunilaumu. Mimi ndiye ninayekumbuka kila ninapomwona.

Basi ndugu yangu, leo jioni mtoto akiwa amekupa mgongo, mwite kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida. Uone kama atageuka.

Ushauri huu ni wa jumla na hauchukui nafasi ya daktari wako wala mwalimu wa mtoto wako. Nawatakia afya njema na watoto wenu masomo mema. Tukutane tena Mungu akipenda.